Mtaa Mzima Ulisikia Isipokuwa Bwana Saa

Mlioniacha wiki iliyopita nimekaa sakafuni, gauni la bi harusi limepasuka mgongoni na mama wa bi harusi ananisaka na mwavuli, asanteni kwa salamu za pole. Mimi nimepona. Mwavuli haukupona.

Kwa mliochelewa: mimi ni fundi cherehani, mjane, mama wa binti mmoja. Watu wananiita Mama Cherehani. Baada ya harusi ile hakuna mtu aliyeniletea hata suruali ya kupunguzwa urefu. Nikakaa nyumbani nikitazamana na cherehani kama watu waliogombana, mpaka binti yangu akanionea huruma. Ana duka la vifaa vya simu.

"Mama, njoo ufanye kazi kwangu," akasema. "Kwa majaribio."

Yaani bosi wangu nilimzaa mwenyewe, na bado ananijaribu.

"Hapa kazini hakuna mambo ya mama na mtoto," alinionya siku ya kwanza. "Hapa mimi ni bosi. Ukikosea nitakuambia mbele za watu."

"Sawa, Bosi. Umekunywa chai?"

"Mama!"

Basi sikilizeni yaliyonipata. Na mkicheka, chekeni taratibu, maana wengine mlikuwepo.

Asubuhi ile binti yangu aliweka vijisanduku vitatu juu ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na hedifoni ndogo za waya, zile za kuingiza masikioni. Nyekundu, nyeupe na nyeusi. Zote za bei ya chini, zote za kuchomeka kwenye simu.

"Wakala anakuja leo mchana," akasema. "Nataka kuagiza mzigo mkubwa wa aina moja. Uzijaribu, uniambie ipi."

"Kwa nini mimi? Vijana si ndio wanaojua haya mambo?"

"Vijana wanataka za bila waya. Wanaonunua za waya ni watu wazima kama wewe. Za bila waya zinawadondoka, zinawapotea, wanasahau kuzichaji. Ya waya ikidondoka, unaivuta inarudi."

"Na mzigo uliopita nani alichagua?"

Akapangusa kioo kilichokuwa safi.

"Mimi," akasema. "Nilichagua kwa rangi."

Nilizikumbuka. Sikio moja linaimba, jingine limekufa. Wateja walizirudisha kwa matusi, na mwingine alizirudisha kwa kuzirusha kutoka barabarani bila kusimamisha pikipiki.

"Mama," akasema, na safari hii sauti haikuwa ya bosi. "Mzigo huu nao ukirudishwa, sina duka. Nitafunga."

Hapo utani ukaniisha. Nilimtazama mwanangu na mabega yake yaliyonyong'onyea, nikavaa miwani.

"Niambie nifanye nini."

"Sikiliza muziki. Sikiliza mtu akiongea. Piga nazo simu. Tembea nazo. Tafuna nazo."

"Nizitafune?"

"Utafune ukiwa umezivaa, Mama! Uone kama zinatoka!"

Akachukua mkoba, akaenda kufuatilia leseni ya duka, akaniachia masikio yangu mawili na dunia yote.

Nilianza na nyekundu. Nilichomeka, nikabonyeza wimbo. Jamani! Besi ilinipiga mpaka meno yakagongana. Mwimbaji alikuwepo, lakini alikuwa anaimba akiwa ndani ya pipa, na juu ya pipa kuna mtu anacheza.

Lakini niliwaza: je, ni masikio yangu tu? Mtu hawezi kuagiza mzigo kwa masikio ya kichwa kimoja. Lazima nipate kichwa cha pili.

Hayo ndiyo niliyojiambia. Nilivyojisikia ndani ni kama msichana aliyepata sababu ya kutumwa dukani.

Maana nje ya mlango wetu, chini ya kibaraza, kuna meza ya fundi saa. Tunamwita Bwana Saa. Amefiwa na mke miaka mingi, shati lake limepigwa pasi kila siku ya Mungu, na haongei ovyo. Ukimpelekea saa, anaweka kioo chake jichoni, anainama, anasema, "Tuone." Basi. Neno moja hilo, na mimi nasahau hata nilichomletea.

Nitasema tu, kwa kuwa mtaa mzima unajua: saa yangu haijawahi kuharibika yenyewe.

"Bwana Saa," nikamwambia, "bosi anaomba masikio yako."

Akanitazama. Akatazama waya.

"Tuone," akasema.

Alichukua la kushoto, mimi la kulia. Hedifoni za waya, wasomaji wangu, zina jambo ambalo hakuna anayeliandika kwenye sanduku. Watu wawili wakigawana, lazima vichwa visogeleane. Nilisikia harufu ya sabuni kwenye kola yake.

"Waya ni mfupi," akasema.

"Mfupi mno," nikasema, nikamwomba Mungu wasije wakaurefusha.

Alisikiliza kwa makini kama anasikiliza saa ya ukutani. "Besi imezidi. Kama mtu anayehamisha kabati chumba cha pili."

"Hata mimi nimeona hivyo!"

"Na ukiugusa waya, sauti ya mguso inaingia sikioni. Kru, kru. Mtu anayetembea atasumbuka."

Nilikuwa sijaliona hilo. Nilijigusia waya, kweli, kru kru kama panya kwenye gunia. Nyekundu ikatoka.

Tukaja kwenye nyeupe. Sauti ilikuwa safi, kila neno linakuja limenyooka, hata mwimbaji alipovuta pumzi tulimsikia. Nilitaka kusema hii hii ndiyo. Halafu nikakumbuka kutafuna. Nikatia biskuti mdomoni, mara ya kwanza tu, sikio likaruka likaangukia kwenye kisahani chake cha skrubu.

"Plastiki ngumu," akasema, akilitoa kwa koleo kama jino. "Haina vipira. Haishiki."

"Lakini sauti yake!"

"Sauti nzuri inayodondoka."

Tukabaki na nyeusi. Hii haikuwa na mbwembwe. Waya wa kawaida, na kwenye kisanduku vipira laini vya ukubwa tofauti. Vile vidogo vilimpwaya. Nikamwekea vikubwa kwa mikono yangu.

"Vuta sikio juu kidogo," nikamwambia, "halafu ingiza taratibu."

Akaingiza moja, akaingiza la pili. Nikaona uso wake unabadilika, kama mtu aliyefunga dirisha la barabarani akakuta kumbe nyumba ina utulivu.

"Oo," akasema.

Nikamwekea nyimbo za zamani kwenye simu yake, nikamwonyesha kwa ishara: endelea nazo ukifanya kazi, nitakuja kukuuliza. Akaitikia kwa kichwa, akarudisha kioo jichoni, akainamia saa yake.

Nikabaki na jaribio moja: simu. Nyeupe ilikuwa na maiki nzuri kwa maelezo ya sanduku, nikataka kuipa nafasi ya mwisho. Nikaingia stoo, nikavaa, nikampigia dada yangu mkubwa.

Dada yangu haongei. Anatangaza. Ameishi muda mrefu jirani na mashine ya kusaga, na hata mashine ikizimwa yeye hazimiki.

"Dada, unanisikia vizuri? Nafanya majaribio ya kazi."

"Nakusikia kama umo kifuani mwangu! Mdogo wangu, hujambo? Kazi inaendaje? Na yule bwana?"

"Bwana gani?"

"Usinichezee!"

Nikacheka. Nikageuka kuangalia kama mlango wa stoo umefungwa. Kugeuka huko ndiko kulikoniponza, kwa sababu waya ulinasa kwenye kona ya rafu, na pini ya nyeupe, ambayo tangu mwanzo ilikuwa inacheza, ikachomoka.

Sauti ya dada ikakatika masikioni.

"Dada? Dada, hunisikii?"

Kimya. Halafu nikamsikia. Lakini nilimsikia kutoka barabarani.

Niwaeleze. Kila asubuhi kazi yangu ni kuwasha spika kubwa iliyo nje ya duka, ya kuitia wateja. Inaunganishwa na simu yangu bila waya. Asubuhi nilipiga nyimbo, nikazima nyimbo. Spika sikuizima. Simu ilipokosa pini, ikatafuta pa kupeleka sauti. Ikapata.

"NAKUSIKIA MDOGO WANGU!" dada yangu akautangazia mtaa. "NAULIZA YULE FUNDI SAA! UMESHAMWAMBIA KWAMBA UNAMPENDA, AU BADO UNAIZAMISHA SAA KWENYE NDOO YA MAJI ILI AKUTENGENEZEE?"

Nilibonyeza kila kitu kilichoweza kubonyezwa. Nikaongeza sauti.

"MTU MZIMA UNAONA AIBU YA NINI? ULINIAMBIA MWENYEWE AKISEMA 'TUONE' UNAISHIWA NGUVU! MWAMBIE! AU NIJE NIMWAMBIE MIMI?"

Nikatoa betri. Nikakumbuka simu za siku hizi hazitoki betri, na kwamba nilichokuwa nimetoa ni kifuniko tu. Nikaibana simu kifuani kama mtoto anayelia. Hatimaye kidole kikapata pa kukata.

Kimya kilichofuata sijawahi kukisikia mchana. Hata pikipiki zilizima.

Halafu kikapasuka kicheko, mtaa mzima, mpaka mabati yakaitika.

Nilikaa juu ya sanduku la chaja. Niliwaza kutokea mlango wa nyuma, ule wa kuingizia mizigo, niende zangu na nisirudi tena mtaa huu. Nikawaza uso wake. Mtu mwenye heshima zake, ameketi kwenye meza yake, anatangazwa kama dawa ya panya. Atafunga meza na kuhama, na mimi ndiye niliyemhamisha.

Nikatoka nje. Sijui miguu ilitoa wapi ujasiri.

Watu walikuwa wamejaa. Kinyozi wa kibanda cha mbele yetu amesimama katikati ya barabara na mashine yake mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja. Wote wananitazama mimi, kisha wanamtazama yeye.

Bwana Saa alikuwa ameinama. Kioo jichoni. Kichwa kinatikisika polepole kufuata wimbo.

Hakusikia.

Mtaa mzima ulisikia, waliolala waliamka wakasikia, na mtu mmoja tu duniani hakusikia, kwa sababu nilimziba masikio kwa mikono yangu mwenyewe, kwa vipira vikubwa.

Furaha ilinipanda ghafla mpaka nikahisi kichwa chepesi. Nimeokoka! Halafu nikamwona kinyozi anakuja. Kinyozi yule habari haikai tumboni mwake hata kidogo, na uso wake ulishameremeta.

Bwana Saa naye akainua macho. Akaona umati. Mkono ukapanda kuelekea sikioni.

"Usitoe!" nikapiga kelele. Bila shaka hakusikia. Nikaruka, nikambana masikio yote mawili kwa viganja vyangu, mbele ya halaiki.

"Oooooo!" umati ukasema.

"Jaribio halijaisha!" nikawaambia.

"Tunaona!" kinyozi akajibu.

Bwana Saa alinitazama, mikono yangu mashavuni mwake, akatabasamu kwa adabu. Akaongea kwa sauti ya juu, vile mtu anavyopiga kelele akiwa amezibwa masikio bila mwenyewe kujua.

"ZINAFAA!" akasema. "ZINAFAA SANA! SISIKII CHOCHOTE!"

Mteja wa kinyozi alikaa chini barabarani. Wanawake walishikana mabega. Watu wakampungia mkono kwa pongezi, naye, kwa kuwa ni muungwana, akawapungia.

Na katikati ya vicheko hivyo mama mmoja akanisogelea, anafuta machozi. "Mama Cherehani, nipe na mimi hizo nyeusi. Kama mtu hakusikia yale, basi hata mkoromo wa mume wangu sitausikia."

"Na mimi!"

"Mimi ninakaa jirani na baa, niwekee!"

Nilikuwa na sampuli moja tu, na hiyo ilikuwa masikioni mwa mtu. Nikaanza kuandika majina kwenye kifuniko cha kisanduku, kwa mkono mmoja, huku wa pili bado umembana sikio Bwana Saa.

Hivyo ndivyo binti yangu alivyonikuta. Ameongozana na wakala, bwana mmoja mwenye tai.

"Mama."

"Bosi."

"Nilikuwa kwenye kona ya benki. Nimemsikia mama mkubwa kutoka kwenye kona ya benki."

"Spika yako ni nzuri," nikasema.

Alifumba macho. Nilijua kazi imekwisha, majaribio nimeshindwa, narudi kwa cherehani. Lakini alipoyafumbua, aliona umati umebana meza, na wakala anachungulia masikio ya Bwana Saa kwa hamu ya mtu wa biashara.

"Ipi?" akaniuliza.

"Nyeusi. Nyekundu ni kelele tupu na waya wake unakwaruza. Nyeupe sauti ni nzuri kuliko zote, lakini haishiki sikio, na pini yake imenivua nguo hadharani. Nyeusi, kwa maelezo ya sanduku, maiki si ya ajabu. Lakini sauti iko karibu, haichoshi, na dunia inabaki nje. Agiza na vipira vya ziada."

Mwanangu akamgeukia wakala. "Nyeusi. Mzigo wote." Wakala akaandika palepale, akapeana naye mkono, akaondoka anajichekea.

Halafu mwanangu akanisogelea sikioni.

"Umefaulu kazi. Sasa hili la pili. Mwambie mwenyewe sasa hivi, Mama, au kinyozi atamwambia."

Kinyozi alikuwa ameshafika mezani.

Nikatoa kipira kimoja sikioni mwa Bwana Saa, taratibu. Nikatoa cha pili. Nilijua safari hii hakuna kitu cha kumziba masikio.

"Mbona watu wengi?" akauliza. "Kuna msiba?"

"Hapana. Kuna jambo wote wamelisikia isipokuwa wewe, na sitaki ulisikie kwa mwingine." Sauti yangu ilikuwa ndogo. "Mimi nakupenda, Bwana Saa. Asubuhi nikifika, nikikusikia unakohoa kidogo ukipanga vifaa vyako, siku yangu inaanza. Usipokuja, haianzi. Ni hilo tu. Kama nimekuaibisha, nisamehe, nitakuwa napita mlango wa nyuma."

Alitoa kioo jichoni, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka mezani.

"Wote hawa wamesikia?"

"Wote."

"Na binti yako?"

"Kwenye kona ya benki."

"Mimi peke yangu ndiye sikusikia?"

"Wewe peke yako."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka, mtu ambaye sijawahi kumwona akicheka, anacheka mpaka skrubu zinaruka kwenye kisahani. Nikacheka na mimi. Kinyozi akacheka. Niliona mbingu iko karibu kabisa, ningenyoosha mkono ningeigusa.

Halafu akaacha. Akasimama. Akanyoosha kola.

"Mama Cherehani, nimekusikia vizuri. Na jibu ninalo tangu kitambo." Akamtazama binti yangu. "Lakini kuna jambo nilimwomba binti yako asikuambie. Sasa siwezi kukujibu kabla hujalijua."

Nikamgeukia mwanangu. Mwanangu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Jambo gani?"

"Mama, subiri hapa," akasema. Hakusema kibosi.

Wakaingia ndani wawili, wakafunga mlango wa kioo. Nilimwona Bwana Saa anaongea, maneno mengi, mtu wa neno moja. Nilimwona binti yangu anatikisa kichwa, hapana, hapana. Kisha akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akaitikia.

"Wanasemaje?" kinyozi akaninong'oneza.

"Sisikii," nikasema.

Binti yangu akaja mlangoni. Nilidhani anafungua. Akanyoosha mkono juu, akashusha shata la duka, lile pazia la bati, mpaka chini, mchana kweupe, wateja wamepanga foleni na mimi niko nje.

Tulisimama pale, mtaa mzima, tunatazama mabati. Ndani nikasikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Mtu akaingia. Kiti kikaburutwa. Hakuna aliyecheka tena.

"Mama," sauti ya mwanangu ikatoka nyuma ya shata. "Inama upite. Wewe peke yako."

Shata likapanda hadi usawa wa magoti, likasimama. Nikainama.

Niliona viatu vya binti yangu. Niliona viatu vya Bwana Saa vilivyopigwa rangi. Na katikati yao, vimetulia kama vya mtu aliyefika kwake, niliona viatu vya kike, vyekundu, vya mtu nisiyemjua. Ni vya nani, nitawaambia wiki ijayo.